Kilio Kikiisha, Watu Wakarudi Kwao



 Katika somo lililopita tulinena juu ya wafu, na jinsi Kanisa linavyowaombea walio toharani. Leo tutawaacha wafu mikononi mwa Mungu, tuwatazame wale waliobaki: mjane, mume aliyefiwa, mama aliyemzika mtoto, yatima. Maana twaona ya kuwa wakristu wetu wanajua vema kumzika mtu, lakini juma la pili hawajui sawasawa la kufanya.

Tuanze na jambo lililotokea kwetu. Mwaka 2014 Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili. Jumanne, tarehe 22, wakati makanisa yote yalikuwa bado yanaimba Aleluya, gari la moshi la mizigo liliacha njia yake huko Katongola, kaskazini ya Kamina, kadiri ya kilomita 65. Watu zaidi ya 40 walikufa, na majeruhi walikuwa wengi kuliko hao. Katika nyumba nyingi Aleluya ilikatika katikati. Tena mwaka 2022, tarehe 10 Machi, wakati wa Kwaresima, treni nyingine ya mizigo iliyotoka Luena ilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba, na watu wasiopungua 60 walipoteza maisha.

Ninyi mnajua kwa nini watu hupanda magari ya mizigo. Treni za abiria ni chache, barabara ni mbovu, na mama mwenye mifuko ya mahindi au samaki wakavu hana njia nyingine ya kufika sokoni. Mtu aliyepanda hivyo jina lake haliandikwi katika orodha ya wasafiri. Basi akifa mbali, habari yake huja polepole, kwa kinywa cha mtu aliyesikia kwa mwingine. Na pengine mwili wake hauletwi nyumbani kamwe.

Hapo ndipo kilio kinapokuwa kigumu kuliko vilio vyote. Kwa desturi yetu watu huuona mwili, huulilia, huusindikiza mpaka kaburini. Macho yakiisha kuona, moyo nao huanza kusadiki. Bali asiyeuona mwili hubaki na mioyo miwili. Moyo wa kwanza wasema: Amekufa. Moyo wa pili wasema: Labda yu hospitalini Mwene-Ditu, labda amesahau jina lake, labda atashuka katika treni ya kesho. Kila treni inapopiga honi karibu na stesheni, mtu huyo huinua kichwa. Anaona aibu kuvaa nguo za kilio, kana kwamba kwa kuzivaa yeye ndiye atakayemwua mumewe. Anaona aibu vilevile kutozivaa. Mtu wa namna hiyo msimkemee. Mwendeeni padri, mwombeni Misa kwa ajili ya marehemu, maana Misa ya wafu husomwa hata mwili usipokuwapo. Jina lake litajwe kanisani mbele ya watu wote. Hivyo yule aliyefiwa atapata siku moja na mahali pamoja pa kulilia.

Swali: Je, ni dhambi kwa mkristu kulia sana?

Jibu: Si dhambi. Wako watu wanaomwambia mjane, “Nyamaza, wewe umebatizwa, wapagani ndio waliao.” Hao wanafundisha neno ambalo Bwana wetu hakulifundisha. Tumsikilize Yohane Mtakatifu anaposimulia habari za Bethania. Yesu alijua ya kuwa kwa muda wa punje chache atamwita Lazaro kutoka kaburini. Walakini alipomwona Maria akilia, na watu waliokuja naye wakilia, yeye naye alilia. Aliyejua mwisho wa habari hakuzuia machozi yake. Sisi tusiojua hata ya kesho tutayazuia kwa nini?

Na tumtazame Agustino Mtakatifu, Mwafrika kama sisi, mzaliwa wa Tagaste katika nchi iitwayo sasa Algeria. Mama yake, Monika Mtakatifu, alifariki mwaka 387 huko Ostia, bandari ya Roma, mbali na kwao. Agustino mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyomfumba mama yake macho, kisha akajilazimisha asilie, kwa kuwa aliona haifai kumlilia mtu aliyekufa katika imani. Mwanawe, Adeodato, alipopaza sauti kulia, watu wakamnyamazisha. Mazishi yakaisha, Agustino hajatoa chozi. Alikuwa amesikia ya kuwa kuoga huondoa huzuni, akaenda kuoga. Akatoka vilevile alivyoingia. Akalala, akaamka, na hapo, akiwa peke yake kitandani mbele ya Mungu, akaacha machozi yatoke, na moyo wake ukapumzika. Huyo alikuwa mtu mwenye elimu kubwa, na baadaye akawa askofu na Mwalimu wa Kanisa. Hakuona haya kuyaandika hayo ili tuyasome. Wanaume wetu wanaosema kwamba machozi ni ya wanawake na wamfikirie.

Sasa twende kwa wale wanaokuja kufariji. Katika Agano la Kale tunasoma habari za Ayubu, aliyefiwa na watoto wake wote siku moja. Rafiki zake watatu walitoka mbali, wakaketi chini pamoja naye siku saba na usiku saba, wala hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Katika siku hizo saba walikuwa rafiki wema kweli. Walianza kumtesa siku walipofumbua vinywa. Na kosa lao lilikuwa gani? Walitafuta mwenye hatia. Walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyoleta mauti.

Ndugu wapenzi, je, si ndivyo ilivyo katika vilio vyetu? Siku ya kwanza watu hulia kwa moyo mmoja. Siku ya tatu mtu mmoja hunong'ona: “Ni nani aliyemla?” Kuanzia saa hiyo kilio si kilio tena, ni baraza ya hukumu. Mbuzi wanauzwa kumlipa mpiga ramli. Mjane hutazamwa kwa jicho baya, na shemeji huanza kuhesabu viti na masufuria. Pengine lawama humwangukia mtoto yatima, ambaye kosa lake ni kubaki hai. Twasema wazi: jambo hilo ni dhambi mbele ya Mungu, tena ni kosa mbele ya serikali. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 humtia gerezani, mwaka mmoja hadi mitatu, mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Na Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 humpa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, pamoja na vyombo vya nyumba. Anayemfukuza mjane juma la mazishi hamtii Mungu wala serikali. Anamwongezea mjane kifo cha pili juu ya kile cha kwanza.

Twajua kwa nini watu hutafuta mwenye hatia. Hasira ni nyepesi kubeba kuliko huzuni. Mwenye hasira anajua aende wapi na amfanye nani nini. Mwenye huzuni hana pa kwenda. Lakini aliyepata wa kumlaumu hakupona, amehamisha ugonjwa tu.

Basi huzuni yenyewe hufanya nini katika mwili? Tulinene jambo hili polepole, kwa sababu wengi huogopa bure. Aliyefiwa hukosa usingizi, au hulala mchana kutwa. Bukari haishuki kooni. Kifua humbana, miguu humlegea. Husahau maji jikoni, husahau jina la jirani. Pengine husikia sauti ya marehemu uani, au humwona mgongo wake katika msafara wa watu wanaotoka sokoni, akakimbia kumfuata, kumbe ni mtu mwingine. Haya yote si uchawi, wala si pepo, wala mtu huyo hajawa mwenda wazimu. Mwili ulizoea kuishi na mtu fulani miaka ishirini. Hauwezi kujifunza kwa siku tatu kuishi bila yeye. Mara nyingi mambo hayo hupungua kidogo kidogo, yakirudi siku za sikukuu na siku ya ukumbusho wa kifo.

Lakini hayapungui vema kwa mtu aliyeachwa peke yake. Hapo ndipo tunapotaka mtusikilize hasa. Katika kilio watu ni wengi: wapishi wako, waimbaji wako, mikeka haitoshi. Kisha matanga huondolewa, jamaa wa mbali hupanda treni, majirani hurudi mashambani. Nyumba hunyamaza. Ni usiku huo, na siyo usiku wa kuzika, ambao mjane hujua hakika ya kuwa mumewe amekufa. Nasi tuko wapi? Tumekwisha kusema pole, tunadhani deni limelipwa.

Swali: Aliyefiwa atafute msaada kwa nani?

Jibu: Kwanza kwa walio karibu. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu, walichagua njia ya jumuiya ndogo za wakristu, ambazo sisi tunaziita mashirika. Shirika si kwa ajili ya rozari na mchango tu. Watu wa nyumba kumi au ishirini wanajuana. Wanajua ni mlango gani haukufunguliwa asubuhi. Basi shirika liwapange watu wawili wawili wa kumwendea aliyefiwa. Na wakiingia wafanye nini? Wabebe kuni au ndoo ya maji. Waketi. Wasiseme, “Usilie.” Wasiseme, “Mungu alimpenda kuliko wewe,” maana neno hilo humfanya Mungu aonekane kama mwizi wa watoto. Wasisimulie vifo vya kwao. Wamtaje marehemu kwa jina lake bila kuogopa, wakamwulize mjane: “Mama, alikuwa mtu wa namna gani? Mlikutana wapi?” Watu wengi huepuka jina la marehemu wakidhani watamkumbusha mjane huzuni. Je, amesahau? Hakuna saa aliyosahau. Anaposimulia, hata akilia, anatua mzigo chini kwa muda kidogo. Na safari ya pili ataubeba vizuri zaidi.

Wanaume waangaliwe kwa njia yao. Mume aliyefiwa mara nyingi hasemi neno. Hurudi kazini upesi, na jioni hutafuta lutuku. Chupa ya kwanza humpa usingizi, ya pili humwondolea kazi, ya tatu huwaondolea watoto chakula. Mtu kama huyo haji kwenye kikao cha kusema mambo ya moyo. Mwiteni kuezeka nyumba, mwiteni kupanda mihogo. Mkono ukifanya kazi, kinywa chake kitafunguka chenyewe.

Sasa tuseme juu ya msaada wa pili, yaani tiba. Neno hili lisiwatishe. Hatusemi juu ya sindano wala vidonge, ingawa pengine daktari ataona vyafaa. Twasema juu ya tiba ya mazungumzo: mtu aliyefundishwa kazi hiyo huketi na aliyefiwa, siku moja kila juma, saa ile ile, akimsaidia kusema lile asiloweza kulisema nyumbani.

Tuchukue mfano wa jirani zetu. Huko Moshi, nchini Tanzania, na huko Bungoma, nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliingia katika utafiti wa waganga. Nusu walipewa msaada wa kawaida, na nusu walikutana katika vikundi vidogo mara 12. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa raia wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vema. Na mtunzaji wa mtoto, yaani bibi au shangazi au mzazi aliyebaki, alikuwa na mafundisho yake pembeni, kwa kuwa nyumba isiyojua kumsikiliza mtoto itabomoa kwa siku sita kile kilichojengwa kwa siku moja. Watoto walijifunza kutaja huzuni na hofu kwa majina yake. Walijifunza kutuliza pumzi. Kisha, hatua kwa hatua, walisimulia jinsi kifo kilivyotokea, mpaka habari ile ikaacha kuwastusha usiku. Walisema wanamkosa mzazi katika mambo gani, wakachagua kumbukumbu njema za kuhifadhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: mwishoni mwa mafundisho, katika sehemu tatu kati ya nne, hofu na mastuko yalikuwa yamepungua kwa watoto hao kuliko kwa wale wengine, na huko Bungoma tofauti hiyo ilionekana hata baada ya mwaka mzima.

Mfano mwingine, kwa ufupi. Huko Harare, nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wazee kuketi juu ya benchi nje ya vituo vya afya na kuwasikiliza wenye moyo mzito. Kwa lugha ya Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi nasi twasema, “Mawazo ni mengi.” Tukisikia habari hiyo twafurahi, kwa sababu mabibi tunao.

Swali: Tutajuaje kwamba huzuni imekuwa ugonjwa?

Jibu: Shirika la Afya la Dunia, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022, limeandika ugonjwa wa huzuni isiyokoma. Halihesabu majuma. Husema: ikiwa imepita zaidi ya miezi sita, tena imepita kipimo cha desturi na dini ya watu wa mahali pale, na mtu bado anamtamani marehemu kila siku kwa uchungu ule ule wa siku ya kwanza, hata hawezi kulima, wala kupika, wala kulea, basi mtu huyo ahitaji tiba. Angalieni vema: mjane anayelia baada ya miezi minane, huku analima na kucheka na wajukuu, si mgonjwa. Anapenda, hayo tu.

Lakini kuna jambo moja lisilongoja miezi sita. Mtu akisema anataka kumfuata marehemu, au akianza kugawa vitu vyake, au akikataa chakula kabisa, asiachwe peke yake hata saa moja. Msimwambie kwamba ametenda dhambi. Ondoeni karibu naye dawa za shamba na kamba, mpelekeni siku hiyo hiyo kwa mwuguzi wa kituo cha afya au hospitalini, na mmoja wenu alale naye.

Kwa kawaida mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha kijiji. Mwambieni mwuguzi habari yote, siyo “kichwa kinauma” tu, maana akisikia kichwa atatoa dawa ya kichwa. Yeye akiona jambo limemzidi, atamtuma mgonjwa mbele. Huko Lubumbashi Mabruda wa Upendo wana kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyetaka wagonjwa wa akili watendewe kama wanadamu. Huko Goma wana kituo kingine, nao wamekiita Tulizo Letu. Kwenda huko siyo kutangazwa mwenda wazimu, kama vile kwenda kwa fundi wa mifupa siyo kutangazwa kiwete.

Na padri je? Padri atakusikiliza, atakuombea, atakupa sakramenti. Lakini padri mwema anajua mpaka wa kazi yake, naye hamzuii mtu kwenda kwa daktari. Akija mhubiri akakwambia ya kuwa mwenye imani hahitaji dawa, tena akataka kuku kwa ajili ya maombi, mwache aende na njaa yake.

Neno la mwisho ni kwa makatekista. Mnapoandika katika daftari jina la marehemu na tarehe ya mazishi, andikeni chini yake jina la aliyefiwa zaidi: mjane fulani, baba wa mtoto fulani, yatima fulani. Kisha andikeni siku za kumwendea: juma la pili, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, siku ya mwaka, na tarehe 2 Novemba tunapowakumbuka wafu wote. Kando ya kila siku andikeni ni nani wawili waliotumwa, na mlimkutaje: anakula? analala? watoto wanakwenda shule? Ukurasa unaofuata tumeuacha mtupu, una mistari tu, kwa ajili ya majina hayo.